Kumbuni Mungu Mwovu kwa Fantasia ya Kisayansi ya Pwani

Mungu mwovu katika fantasia ya kisayansi, yaani hadithi zinazochanganya sayansi na miujiza, huharibika mara nyingi kabla hajatokea kwenye ukurasa wa kwanza, kwa sababu mwandishi humwanza kwa ukubwa wake: idadi ya vichwa, majeshi anayoyaamrisha, nyota alizozizima kwa pumzi moja. Ukubwa hautishi kwa muda mrefu. Msomaji akishaambiwa kwamba kiumbe fulani anaweza kuifuta sayari nzima wakati wowote apendao, hana tena la kuhofia, kwa kuwa hofu huhitaji hesabu ya kinachoweza kupotea na kinachoweza kuokolewa. Mungu mwovu anayemkaa msomaji moyoni ni yule anayehitaji kitu tulicho nacho sisi, na ambaye watu wenye akili timamu, kwa sababu wanazoweza kuzieleza, wamekubali kumpa kitu hicho. Nitaeleza namna ya kumjenga mungu wa aina hiyo kwa kutumia mfano mmoja uliowekwa Lamu, kwa sababu bahari ya Lamu na visiwa jirani vya Manda na Pate inampa mwandishi karibu kila kifaa anachokihitaji.

Kwanza tenganisha uovu na ghadhabu. Huko Marafa, bara ya Malindi, kuna bonde lililomomonyoka likaacha minara ya udongo mwekundu na mweupe, ambalo Wagiriama huliita Nyari. Masimulizi ya hapo yanasema kwamba palikaa watu matajiri wenye ng'ombe wengi hata wakawa wanaoga maziwa, na kwa israfu hiyo Mungu akawaadhibu, ardhi ikawameza pamoja na nyumba zao. Kisa hicho kinatisha, lakini ndani yake hamna uovu wa mwenye kuadhibu: kuna kosa, kuna hukumu, na msikilizaji anajua angefanya nini ili aepuke. Waandishi wengi humwandika mungu mkali wakidhani wamemwandika mungu mwovu. Mungu mwovu hafuati kosa la mtu; hufuata faida yake mwenyewe, na mwema na mbaya humlipa sawa. Ukiona kwamba wahusika wako wangesalimika kama wangekuwa na tabia nzuri, ujue bado hujafika.

Anza na njaa yake

Jiulize mungu wako anakula nini, na jibu liwe kitu kinachopimika. Majibu kama roho, hofu na imani yamechakaa, lakini kasoro yake kubwa ni kwamba hayana kipimo: msomaji hawezi kujua mungu ameshiba au ana njaa, na kwa hiyo hawezi kuhesabu muda uliobaki. Fantasia ya kisayansi inakuruhusu kumpa mungu chakula ambacho fizikia inakitambua, kama vile joto la nyota, mwanga, au mwendo wa sayari.

Katika mfano wetu mungu anaitwa Mgeni wa Juu, na chakula chake ni mzunguko wa Dunia. Msingi wa jambo hili ni wa kweli. Kupwa na kujaa kwa maji huisugua Dunia, hasa katika bahari za kina kifupi, na msuguano huo huipunguzia Dunia kasi ya kujizungusha, huku Mwezi ukipokea nguvu inayousogeza mbali. Vioo ambavyo wanaanga wa Apollo waliviacha Mwezini kuanzia mwaka 1969 vimewawezesha wanasayansi kupima kwa miali ya leza kwamba Mwezi husogea mbali nasi kwa takribani sentimita 3.8 kila mwaka. Nayo siku yetu hurefuka kwa takribani milisekunde 2 katika kila karne. Basi tayari angani kuna kitu kinachochota mzunguko wa Dunia kidogo kidogo bila ya kutukusudia. Mwandishi anachoongeza ni kusudi na uroho, na kasi ambayo mwanadamu mmoja anaweza kuiona katika umri wake.

Mfunge kwa sheria za maumbile, kisha mwachie sheria moja ya kuvunja

Hapa ndipo inapofaa kutumia muda mrefu zaidi kuliko mahali pengine popote, kwa sababu sheria ndizo zitakazokuandikia matukio. Nguvu ya kuinua maji hupungua haraka sana kwa umbali: kitu kikisogezwa hadi nusu ya umbali wake, nguvu hiyo huongezeka mara 8. Kwa hiyo mungu mwenye uzito wa sehemu moja tu kati ya 8 za uzito wa Mwezi, akikaa nusu ya umbali wa Mwezi, ambao ni wastani wa kilometa 384,400, huinua maji sawasawa na Mwezi wenyewe. Akiwa hapo ataizunguka Dunia kwa siku 9 na theluthi mbili hivi, na atakutana na Mwezi upande mmoja wa anga kila baada ya siku 15 kwa kukadiria.

Sasa ziteremshe hesabu hizo mpaka pwani. Chukua bamvua la kawaida, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na useme kwamba tofauti ya maji kupwa na maji kujaa ni meta 3. Mgeni wa Juu akijipanga sawa na Jua na Mwezi, tofauti hiyo hukaribia meta 5. Maji huupita ukuta wa pwani ya mji wa Lamu, hupanda vidato vya gati, huingia katika vichochoro vinavyoteremka kutoka mtaa wa Mkomani, na hukaa madakani mwa nyumba za mawe mpaka zamu yao ya kuondoka ifike. Mji wenye nakala ya kalenda ya nyakati za Mgeni wa Juu hujua usiku wa kuhamishia magunia ya mchele orofani. Kalenda hiyo, inayouzwa sokoni na kubandikwa ukutani karibu na mlango, inamtambulisha mungu wako vizuri zaidi kuliko kurasa kumi za maelezo ya sura yake.

Kisha mwachie avunje sheria moja, nayo iwe moja tu. Kwa kweli kitu cha aina hiyo hakiwezi kudumu pale tulipokiweka, kwa kuwa Mwezi ungeivuruga njia yake hadi ukitupe nje au ukiangushe. Mgeni wa Juu hubaki njiani mwake kwa utashi, na hiyo ndiyo dalili pekee ya uungu wake ambayo wataalamu wa anga katika hadithi hawawezi kuieleza. Mungu anayevunja kila sheria hana umbo. Anayevunja moja huku akitumikia nyingine zote, msomaji ataanza kumtafutia hila, na msomaji anayetafuta hila hakiweki kitabu chini.

Angalia pia namna sheria hiyo hiyo inavyomletea mungu shida. Kila anapokula husukumwa mbali kidogo, kama Mwezi unavyosukumwa, na kila anaposogea mbali mvuto wake juu ya maji hupungua, hivyo shibe yake humpunguzia mlo wa kesho. Ili aendelee kula kwa kasi ile ile anahitaji maji yasuguane zaidi na ardhi, na hilo hawezi kulifanya mwenyewe kutoka juu. Anahitaji mikono ya watu. Tafuta kila mara mahali kama hapo, ambapo nguvu ya mungu inaishia na msaada wa binadamu unaanza, kwa maana hapo ndipo dini yake itakapojengwa.

Mpe wema wa kutosha kupendwa

Mgeni wa Juu anawaomba watu wazibe mikondo kwa kuta za mawe zenye malango, maji yaingie na kutoka kwa kubanwa. Penye malango watafunga mitambo ya kufua umeme, na umeme huo utakuwa wa kweli, mwingi, usio na moshi. Fizikia inakubali: umeme unaofuliwa kutokana na maji kupwa na kujaa hutoka, hatimaye, katika mzunguko wa Dunia. Taa zinawaka kutoka Shela hadi Kizingitini, mashine za barafu za wavuvi hazizimiki, na hospitali ina friji ya damu. Ni nani atakayesimama kwenye mkutano akasema mitambo izimwe?

Anawapa na jambo la pili. Maji yanayojaa sana hupwa sana, na usiku wa maji makubwa bahari huondoka hadi mahali ambapo hakuna aliyewahi kukanyaga. Mwoneshe msomaji mwanamke mmoja wa Matondoni, akiwa na kikapu cha ukindu na taa ya mkono, akitembea juu ya matumbawe yaliyo bado na ubaridi wa kilindi. Anaokota kaa kwa wingi, na chini ya boriti iliyooza ya chombo kilichozama zamani anatoa bakuli la kauri ya Kichina, la aina ile ambayo vipande vyake huokotwa katika magofu ya visiwani. Analifuta kwa upindo wa leso, anaona samaki wawili waliochorwa ndani yake, na bila ya kulazimishwa na mtu anatazama juu na kusema ahsante. Tukio kama hilo liandike kwa upole na kwa ukweli, bila ya kumdokezea msomaji kwamba mama huyo ni mjinga, kwani si mjinga. Amepewa kitu, naye ana adabu.

Neno mgeni limechaguliwa kwa sababu hiyo hiyo. Mji unaojivunia kumkirimu mgeni utashindwa kumwambia aondoke, na wazee watakaojadili jambo hilo barazani watakuwa wanapigana na malezi yao wenyewe. Mjadala huo uandike kwa haki. Lamu inajua mabishano ya aina hii: mpango wa kujenga kituo cha umeme wa makaa ya mawe uliwagawa watu kati ya waliotaka kazi na waliohofia bahari, hadi mwaka 2019 baraza la kuamua kesi za mazingira likafuta leseni yake. Soma mabishano kama hayo uone jinsi watu wanavyosema mbele za watu na wanavyosema wakirudi nyumbani, kisha ipe kila kambi katika hadithi yako hoja yake nzuri kuliko zote. Mungu mwovu anayetetewa na wapumbavu pekee hana uzito.

Onesha gharama katika mambo ya kila siku

Uovu wa Mgeni wa Juu usianze na vifo. Uanze na saa. Siku inaporefuka hadi saa 30 za sasa, mwaka mzima unakuwa na siku 292 tu, na mwezi unaoandama kwa kuonekana, ambao leo una siku 29 au 30, unakuwa na siku 23 au 24. Mfungo wa Ramadhani, ambao Lamu huchukua saa 13 na ushei kutoka alfajiri hadi magharibi, unakaribia saa 17, na jua la mchana linakaa juu ya vichwa vya wachukuzi na wajenzi muda mrefu kuliko miili yao ilivyozoea. Watoto wanasinzia darasani kwa sababu usingizi wao hauufuati tena usiku. Majogoo yanawika ovyo. Hakuna hata mmoja wa hawa aliyemkosea mungu lolote, na hapo msomaji anaanza kufahamu kwamba anayekaa juu halipizi kisasi wala hafundishi adabu. Anakula tu, na anajua anachokula.

Gharama nyingine ni mikoko. Kuta za malango zinahitaji nafasi, nayo mikoko inakatwa au inakufa kwa kukaa majini kupita kiasi, na pamoja nayo zinakwenda boriti za kuezekea, mazalia ya kamba na kaa, na kinga ya ufuo. Jambo hili halihitaji maelezo mengi kwa msomaji wa Pwani. Jina la ndege asiyeonekana tena linatosha.

Mpe mungu wako, hata hivyo, wakati mmoja wa kusema. Ukatili wake utaonekana pale atakapojibu swali la kweli kwa jibu la kweli. Mwache mtoto wa yule mwanamke wa Matondoni, ambaye sasa amekuwa fundi wa mitambo, amuulize kama atatosheka. Mgeni wa Juu ajibu kwamba sayari iliyosimama haina ladha, kwa hiyo atakapomaliza ataondoka, na kwamba amekwisha kufanya hivyo kwingine. Kauli fupi, isiyo na vitisho, isiyopandishwa sauti. Mengine yote kuhusu sura, mavazi na jina unaweza kuyamaliza kwa aya moja: mpe doa moja jeusi mbele ya nyota, lisilo na mwanga wake mwenyewe, na uliache hivyo.

Mahali pa ibada

Usiagize mahekalu kutoka mbali wakati pwani hii ina majengo yanayoshinda mawazo ya mwandishi. Kaskazini ya Malindi, baharini mbele ya Ngomeni, yamesimama majukwaa ya chuma ya mradi wa anga wa Waitaliano uitwao San Marco. Hapo ndipo iliporushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, setilaiti iliyopewa jina la Uhuru, ambayo ilikuwa ya kwanza duniani kutengewa kazi ya kuchunguza eksirei zitokazo angani. Vipimo vyake vilisaidia kuionesha Cygnus X-1, chanzo cha eksirei katika kundinyota la Cygnus, ikibadilika kwa kasi isiyo ya kawaida, na baadaye ikawa miongoni mwa vitu vya kwanza kukubalika na wanasayansi kuwa shimo jeusi, yaani kitu chenye mvuto ambao hata mwanga hauponyoki. Roketi ya mwisho kutoka hapo ilirushwa mwaka 1988. Kwa mtunzi wa fantasia ya kisayansi hiyo ni hazina, nami nashangaa kwamba haijatumiwa zaidi: miguu ya chuma iliyosimama majini, iliyojengwa ili watu wasikilize anga, sasa inapandwa na waumini wanaotaka anga iwasikilize wao. Ukipenda mungu wa mbali badala ya mungu wa jirani, Uhuru inakupa mlango wa kumwingiza pia, kwani ishara yake ya kwanza inaweza kuwa mpapatiko wa eksirei katika kumbukumbu za zamani ambao hakuna aliyeupa maana.

Heshima kwa imani za watu

Wasomaji wengi wa Lamu na Malindi ni Waislamu, na wengine ni Wakristo au wafuasi wa mila za Kimijikenda. Kwa wote hao habari za uungu si mchezo. Usimpe mungu wako mwovu sifa wala majina ambayo watu humwitia Mola wao, na usiwatungie waumini wake sala zinazoiga sala za kweli. Vilevile usichukue koma za Wagiriama, yaani roho za wafu wao, vigango, yaani nguzo za mbao za kuwakumbuka mababu zao, wala misitu mitakatifu ya kaya ukavigeuza kuwa maskani ya uovu. Vigango vingi vimeibwa na kuuzwa ng'ambo kama mapambo, na kuviiba mara ya pili ndani ya hadithi ni kuongeza dhuluma.

Nidhamu hii inakupa pia mhusika bora. Weka ndani ya hadithi sheikh mmoja anayekataa katakata kumwita Mgeni wa Juu mungu, anayesema kwamba huyo ni kiumbe kama viumbe wengine, ana njaa, na mwenye njaa hawezi kuabudiwa. Watu wanaoishi kwa umeme wa malango watamwona anawaharibia riziki. Lakini hoja yake ndiyo itakayomwezesha fundi wetu kuuliza swali la kisayansi: kama ni kiumbe mwenye njaa, atafanyaje akikosa chakula?

Namna ya kumshinda

Udhaifu wa mungu utoke katika yale uliyokwisha kuyaeleza, usichomoe silaha mpya mwishoni. Masimulizi ya Fumo Liyongo yanafundisha jambo hili vizuri. Hakuna kilichoweza kumuua Liyongo isipokuwa kitu cha shaba kikimchoma kitovuni, na siri hiyo ilipatikana kwa mwanawe mwenyewe, si kwa jeshi. Na alipochomwa alipiga goti karibu na kisima, upinde umevutwa, akafa katika hali hiyo, na watu wakaogopa kuteka maji kwa siku kadhaa wakidhani yu hai. Udhaifu ulijulikana kwa sababu ya ukaribu, na hofu ikaendelea kutawala baada ya mwenyewe kwisha. Yote mawili yanakufaa.

Mgeni wa Juu hushindwa watu wanapoyafungua malango na kuzibomoa kuta, mlo wake ukapungua, na utashi unaomweka njiani ukalegea mpaka Mwezi ukamshika. Fundi lazima achague usiku wa kufanya hivyo kwa kutumia ile ile kalenda ya ukutani, kwa sababu Mwezi unaweza kumtupa nje au kumwangusha juu yetu, na tofauti ni ya saa chache. Mwoneshe akiwasihi watu wa Faza na Siyu wafungue malango yao usiku mmoja na watu wa Lamu, wakati kila mji unahofia kwamba mwenzake atabaki na taa.

Halafu andika yanayofuata, na uyape nafasi kubwa, angalau robo ya kitabu. Mzunguko uliokwisha kuliwa haurudi. Siku itabaki na saa 30, mfungo utabaki mrefu, na mwezi utaendelea kuandama baada ya siku 23 au 24. Friji ya hospitali imezimika. Yule mwanamke hawezi tena kufika kwenye matumbawe yake, na mwanawe ndiye aliyemnyima. Wapo watakaoendelea kuuhamishia mchele orofani kila baada ya siku 12 za saa 30, na wapo watakaokwenda Ngomeni kupanda miguu ya chuma na kumwita arudi, wakiwa na hoja ambazo sheikh atalazimika kuzijibu upya.